Aliyeiacha Kemia Hakupotea

Pale njia panda ya Ahero, gari likiiacha barabara ya Nairobi na kugeuka kusini, litapita Kisii na Migori, livuke mpaka Isebania, na hatimaye liingie mkoa wa Mara, alikozaliwa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Nimeitafakari sana barabara hiyo tangu aliponijia nyumbani kijana mmoja niliyemfunza kemia katika shule ya upili. Sasa yuko mwaka wa pili katika chuo kikuu, na karo yake hutokana na mpunga anaouza baba yake. Alinieleza, macho yakiwa chini, kwamba anataka kuiacha kemia akasome historia, wala hana ujasiri wa kumwambia mzazi wake. Sikumjibu siku ile. Leo ninamjibu kwa maisha ya Mwalimu.

Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Burito, chifu wa Wazanaki. Alianza shule akiwa na umri wa miaka 12, huko Mwisenge, Musoma, kisha akaendelea Tabora. Mwaka 1943 alijiunga na Makerere kusomea ualimu, wakati ambapo chuo hicho kilitoa stashahada tu. Miongoni mwa masomo aliyoyachukua yalikuwemo kemia, biolojia, Kilatini na Kigiriki. Lakini akili yake haikutosheka na hayo. Alisoma maandishi ya John Stuart Mill, akaandika insha kuhusu uhuru wa wanawake, na pamoja na wenzake akaunda chama cha kutetea maslahi ya Waafrika wa Tanganyika.

Alipohitimu alirejea Tabora, akafundisha katika shule ya Mtakatifu Maria. Alifundisha biolojia pamoja na somo la sanaa. Naona kwamba hapo alikuwa bado amesimama penye njia panda, mguu mmoja huku na mwingine kule.

Mwaka 1949 alikwenda Edinburgh, Uskoti. Mwezi wa Aprili alianza kwa kozi fupi ya kemia na fizikia. Kufikia Oktoba mwaka uo huo alikuwa amekubaliwa katika Kitivo cha Sanaa, akazama katika historia, uchumi, falsafa na elimu ya jamii za watu. Alipata shahada yake mwaka 1952. Miaka miwili baadaye aliongoza kuundwa kwa TANU, na mwaka 1961 Tanganyika ikawa huru. Mtu huyu aliyeiacha maabara ndiye aliyeifasiri tamthilia ya Julius Caesar kwa Kiswahili na kuandika juu ya elimu ya kujitegemea. Alifariki mwaka 1999, na hadi leo jina lililoshikamana naye ni Mwalimu.

Msomaji asidhani kwamba ninaidharau kemia. Nimeila chumvi yake kwa miaka mingi. Mashamba yetu ya mpunga yanahitaji watu wanaoujua udongo na mbolea, na Ziwa letu linahitaji watu wa kuyapima maji yake. Lakini mwanakemia asiye na moyo wa kemia hatalifaa shamba wala Ziwa. Aidha, kijana asiuchukue mfano wa Nyerere kuwa kibali cha kukimbia kazi ngumu. Mwalimu hakuiacha sayansi ili apumzike. Alikuwa na jambo alilolitafuta, na dalili zake zilionekana tangu Makerere. Anayetaka kuhama na ajiulize kwanza: je, nina ninakokwenda, au nina ninachokikimbia tu?

Nasi walimu tuna deni. Mara ngapi tumewaambia wanafunzi kwamba sayansi ni ya werevu, na kwamba sanaa ni ya walioshindwa? Mimi nimelisema hilo, tena mbele ya darasa zima, na kijana huyu alikuwa ameketi safu ya mbele. Aibu aliyokuja nayo nyumbani kwangu niliipanda mwenyewe.

Nilipomuuliza anataka kufanya nini na historia, alizungumza kwa saa nzima bila kuinamisha macho tena. Hilo lilinitosha. Jumamosi tutafuatana hadi kwa baba yake, naye atasema yake. Mimi nitaanza kwa kuomba radhi.