MAISHA YA PIERRE VERNIER

Nilipoanza kidato cha kwanza hapa Mafiga nilidhani kwamba Vernier ni jina la kiwanda, maana nililikuta katika maabara ya fizikia kwenye chombo cha kupimia kiitwacho kalipa ya Vernier. Kumbe ni jina la mtu! Kwa kuwa wengi wetu tunakitumia chombo hicho bila ya kumjua mwenyewe, nimeona vema niwaeleze wasomaji habari zake kwa ufupi.

Pierre Vernier alizaliwa tarehe 19 Agosti, 1580, katika mji mdogo wa Ornans. Siku hizi mji huo umo katika nchi ya Ufaransa, lakini zamani zile jimbo lake lilitawaliwa na Mfalme wa Hispania. Baba yake, Claude, alikuwa mwanasheria, tena mjuzi wa uhandisi, naye ndiye aliyemfundisha mwanawe. Pierre alipokuwa mtu mzima alimtumikia mfalme katika kazi za ngome, na pamoja na baba yake alichora ramani ya jimbo lao.

Katika kazi hizo aliona shida moja kubwa. Mistari ya kipimo ikichorwa karibu sana, haisomeki. Mreno mmoja, Pedro Nunes (1502-1578), alikuwa amejaribu kuondoa shida hiyo, lakini njia yake ilihitaji mistari mingi mno. Vernier akabuni kipimo kidogo kinachoteleza kando ya kipimo kikubwa, akakieleza katika kitabu alichokichapisha Brussels mwaka 1631. Yeye alipima pembe. Kalipa zilikuja baadaye.

Katika kalipa zetu, sehemu 10 za kipimo kidogo ni sawa na milimita 9. Basi kila sehemu imepungua milimita 0.1. Kipimo kikubwa kikionyesha milimita 12 na zaidi kidogo, na mstari wa nne wa kipimo kidogo ukilingana na mstari wa kile kikubwa, jibu ni milimita 12.4.

Pengine msomaji atasema kwamba 0.1 ni kitu kidogo mno. La! Mafundi wa meno ya bandia hupima kwa kalipa unene wa nta na wa chuma. Jino likizidi kimo kwa kiasi hicho tu, mwenye kinywa husumbuka kila aumapo; likiwa jembamba mno, huvunjika.

Vernier alifariki Ornans tarehe 14 Septemba, 1637. Kwa muda mrefu watu wengi waliita kipimo chake kwa jina la Nunes, mpaka Lalande, mtaalamu wa nyota wa Ufaransa, aliposhauri kiitwe Vernier.

Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Nunes alianza, Vernier akatengeneza, na mafundi wakaeneza. Basi, ndugu wanafunzi, tusikadirie kwa macho tu. Tupime, tena tupime mara ya pili.