Klaus Fuchs: Mwanafizikia aliyewafungulia Warusi siri ya bomu la atomu

Agosti 29, 1949, katika nyika za Semipalatinsk, Kazakhstan, Umoja wa Kisovyeti ulilipua bomu lake la kwanza la atomu. Wakuu wa Marekani, ambao wengi wao waliamini kuwa Warusi wangehitaji miaka kadhaa zaidi, walipigwa na butwaa. Bomu hilo lilifanana mno na lile lililoangushwa Nagasaki mwaka 1945, na kufanana huko hakukuwa kwa bahati. Nyuma yake alikuwapo mwanafizikia mpole, mwenye miwani na maneno machache, ambaye wakati huo alikuwa akiongoza idara ya fizikia ya nadharia katika kituo cha utafiti wa atomu cha Harwell, nchini Uingereza. Huyo ndiye Klaus Fuchs.

Fuchs alizaliwa Desemba 29, 1911 katika mji wa Rüsselsheim, Ujerumani, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne wa Mchungaji Emil Fuchs. Baba huyo aliwafundisha wanawe kufuata dhamiri zao hata pale dunia nzima inapowapinga. Mwana aliyashika mafundisho hayo, ingawa aliyapeleka mahali ambapo mchungaji hakupatarajia.

Akiwa mwanafunzi katika mji wa Kiel, mwaka 1932 alijiunga na Chama cha Kikomunisti, kwani aliona ni Wakomunisti peke yao waliokuwa tayari kupambana na Hitler. Februari 1933, siku moja baada ya jengo la Bunge mjini Berlin kuteketea kwa moto, alisoma habari hizo garini moshi na kutambua kuwa msako umeanza. Aliivua beji ya nyundo na mundu kwenye koti lake, akaanza maisha ya kujificha. Mwaka huo huo alikimbilia Uingereza.

Huko alisoma Bristol, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1937, kisha akafanya kazi Edinburgh chini ya mwanafizikia mashuhuri Max Born. Vita vilipopamba moto mwaka 1940, Waingereza walimkamata kama raia wa nchi adui na kumpeleka kizuizini nchini Kanada. Hata hivyo, muda si mrefu walimhitaji. Mwaka 1941 Rudolf Peierls, mkimbizi mwenzake kutoka Ujerumani, alimchukua Birmingham kushiriki katika mradi wa siri wa bomu la atomu, akampa na chumba nyumbani kwake.

Juni mwaka huo Hitler aliivamia Urusi. Uingereza na Umoja wa Kisovyeti sasa walikuwa washirika, lakini mshirika mmoja alimficha mwenzake silaha aliyokuwa akiiunda. Kwa Fuchs jambo hilo halikuwa haki, maana Warusi ndio waliokuwa wakimwaga damu nyingi kuliko wote. Bila kuombwa, aliwatafuta maofisa wa ujasusi wa kijeshi wa Kisovyeti jijini London na kuanza kuwapa nakala za kazi yake. Mwaka 1942 alipokula kiapo cha utii na kupewa uraia wa Uingereza, tayari alikuwa akiwatumikia mabwana wawili.

Mwishoni mwa mwaka 1943 alipelekwa Marekani pamoja na wanasayansi wengine wa Uingereza, na Agosti 1944 aliingia Los Alamos, kiini cha mradi wote. Huko alishughulikia tatizo gumu kuliko yote, yaani namna ya kuugandamiza mpira wa plutoniamu kutoka pande zote kwa wakati mmoja, kwa nguvu ya baruti, hadi ulipuke. Wenzake walimpenda na kumwamini, wakamwachia hata watoto wao wachanga awaangalie walipokwenda kwenye sherehe.

Juni 2, 1945, zaidi ya mwezi mmoja kabla ya bomu la kwanza kujaribiwa, aliendesha gari lake kuukuu hadi Santa Fe na kumkabidhi mkemia Harry Gold, mjumbe wa Warusi, maelezo ya bomu la plutoniamu pamoja na mchoro na vipimo vyake. Hakudai malipo. Baada ya vita, jijini London, alipokea pauni 100 mara moja tu, kama ishara ya utii.

Mjini Moscow, karatasi hizo zilimfikia Igor Kurchatov, kiongozi wa mradi wa Kisovyeti. Wanasayansi wake walikuwa na mawazo yao wenyewe, lakini Lavrenti Beria, mkuu wa mradi kwa niaba ya Stalin, aliamuru bomu la kwanza lifuate mfano wa Kimarekani uliokwisha kuthibitika. Wanahistoria wengi wanakadiria kuwa msaada wa Fuchs uliwapunguzia Warusi mwaka mmoja hadi miwili. Haukuchimba urani wala kujenga vinu; kazi hiyo ilifanywa kwa jasho la maelfu ya watu, wafungwa wakiwamo.

Lisilosemwa sana ni kwamba Fuchs aliisaidia pia Uingereza. Mwaka 1946 Marekani ilipitisha sheria iliyowafungia milango hata rafiki zake, na Januari 1947 Serikali ya Uingereza iliamua kwa siri kuunda bomu lake. Elimu aliyoibeba Fuchs kutoka Los Alamos ilitumika huko pia. Uingereza ilipolipua bomu lake Oktoba 3, 1952, katika visiwa vya Monte Bello, Australia, yeye alikuwa gerezani.

Kilichomfichua ni simu za maandishi za Kisovyeti za wakati wa vita, ambazo Wamarekani walifaulu kuzifumbua. Kwa kuwa ushahidi huo haukuweza kutolewa mahakamani, mpelelezi William Skardon alimwendea kwa upole na kuzungumza naye mara kwa mara. Januari 1950 Fuchs alikiri. Alieleza jinsi alivyoigawa nafsi yake vyumba viwili, kimoja cha urafiki na kingine cha siri, mpaka ukuta wa katikati ulipoanza kubomoka.

Machi 1, 1950, baada ya kesi isiyofika saa mbili, alihukumiwa miaka 14, adhabu ya juu kabisa kwa kosa hilo, kwani aliowapa siri walikuwa washirika wakati huo. Moscow ilikana kumjua. Maungamo yake yalimfikisha Gold mikononi mwa polisi, na mnyororo huo ukaishia kwa Julius na Ethel Rosenberg, walionyongwa? Hapana: waliuawa kwa kiti cha umeme Juni 19, 1953. Aliyetoa siri kubwa zaidi alibaki hai.

Aliachiwa Juni 1959, akahamia Ujerumani Mashariki, akaoa na kuwa naibu mkurugenzi wa taasisi ya nyuklia ya Rossendorf, karibu na Dresden. Alifariki Januari 28, 1988, bila taifa alilolisaidia kumtambua hadharani. Asante ya punda, wahenga walisema, ni mateke.

Wapo wanaoamini kuwa kwa kuvunja ukiritimba wa Marekani, Fuchs aliiepusha dunia na vita vingine. Lakini Januari 31, 1950, miezi michache baada ya mlipuko wa Semipalatinsk, Rais Truman aliagiza kazi ya bomu la haidrojeni iendelee, na mbio za silaha zikashika kasi. Baadaye Ufaransa iliisaidia Israel kwa siri kujenga kinu cha Dimona, na Abdul Qadeer Khan wa Pakistan akasambaza ujuzi huo hadi Libya, Iran na Korea Kaskazini. Leo mataifa tisa yana silaha hizo. Fuchs hakuuza alichojua; alikitoa bure, kwa dhamiri safi machoni pake. Hata hivyo, uamuzi uliowagusa mamilioni aliufanya peke yake, na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa.