Per Brinch Hansen na Usalama wa Programu Sambamba

Per Brinch Hansen alizaliwa tarehe 13 Novemba 1938 huko Frederiksberg, Denmark. Alifuzu uhandisi wa umeme mwaka 1963 na kuajiriwa na Regnecentralen, kampuni iliyounda tarakilishi za kwanza za nchi hiyo. Kazi iliyomjengea jina ilikuwa mfumo endeshi wa tarakilishi ya RC 4000, mashine iliyobuniwa kwa ajili ya kusimamia kiwanda cha mbolea cha Puławy, Poland.

Michakato kadhaa inapoendeshwa pamoja na kugusa kumbukumbu moja, huwa kama makarani wawili wenye daftari moja. Wote husoma salio la shilingi 100. Mmoja huongeza 20, mwingine 50, naye aandikaye mwisho hufuta kazi ya mwenzake. Ubaya wa kosa hilo ni kuwa hutokea leo, kisha lisionekane kesho linapotafutwa. Mfumo wa Brinch Hansen, uliokamilika mwaka 1969, uliipa michakato vitendo vinne tu vya kuwasiliana: kutuma ujumbe, kungojea ujumbe, kutuma jibu na kungojea jibu.

Mwaka 1970 alihamia Marekani. Huko aliunda lugha ya Concurrent Pascal (1975), ambamo data ya pamoja hufungiwa katika monita, mfano wa chumba kiingiwacho na mchakato mmoja kwa zamu. Kompaila ilikagua masharti hayo na kuikataa programu iliyoyakiuka kabla haijaendeshwa. Kisha akaurudia ujumbe katika lugha ya Joyce (1987), iliyotokana na mawazo ya C.A.R. Hoare ya mwaka 1978. Huenda wengine wakaona ukigeugeu hapo. Kwa hakika kilichobadilika ni njia, si lengo.

Ndipo ilipozuka Java. Mwaka 1999 Brinch Hansen aliishambulia lugha hiyo katika makala makali kuliko ilivyo desturi ya wanataaluma. Lawama yake ni kwamba Java iliziachia sehemu za programu ziendazo sambamba ziguse data ya pamoja bila ulinzi, kompaila ikinyamaza, kana kwamba utafiti wa robo karne haukuwapo.

Mwaka 2005 prosesa zenye viini viwili ziliingia katika tarakilishi za kawaida, na tatizo la wataalamu wachache likawa la kila mwandishi wa programu. Brinch Hansen alifariki tarehe 31 Julai 2007. Lugha ya Go, iliyotangazwa mwaka 2009, iliwarudisha wengi kwenye ujumbe, ingawa kompaila yake haimzuii anayeamua kuigusa kumbukumbu ya pamoja.