Samuel Morse na Simu ya Waya

Samuel Morse alizaliwa tarehe 27 Aprili 1791 katika mji wa Charlestown, nchi ya Marekani. Kazi yake ya kwanza haikuwa ya mitambo. Alikuwa mchoraji, akipata chakula chake kwa kuchora sura za watu.

Mwezi wa Februari 1825 alikuwako Washington, akichora sura ya Jenerali Lafayette, Mfaransa mashuhuri. Mkewe Lucretia alikuwa amebaki New Haven, mwendo wa kilomita 480 hivi. Mara akaletewa barua ya baba yake, kumwarifu ya kuwa Lucretia amefariki. Akaondoka upesi, lakini barua ilikuwa imekawia njiani, na alipofika nyumbani mkewe alikuwa amekwisha zikwa. Zamani zile habari haikuweza kumpita mbio farasi aliyeichukua.

Mwaka 1832, alipokuwa akirudi kutoka Ulaya katika merikebu iitwayo Sully, abiria mmoja alizungumza habari za umeme na sumaku. Morse akawaza ya kuwa umeme, upitao katika waya kwa kufumba na kufumbua, waweza kuchukua maneno pia. Akaanza kuchora mtambo wake kabla merikebu haijatia nanga.

Lakini waya haujui kusema. Hujua mambo mawili tu: umeme kupita, na umeme kukatika. Basi yeye na msaidizi wake Alfred Vail wakaifanyia kila herufi alama zake: umeme ukipita kitambo kidogo ni nukta, ukikawia ni mstari. Herufi zitumikazo sana katika Kiingereza zikapewa alama fupi; E ni nukta moja, T ni mstari mmoja. Kama wangalikuwa Waswahili, bila shaka nukta ile wangaliipa A, maana ni maneno machache yetu yaikosayo.

Chukua filimbi, msomaji, ulipige jina la Mpanda. M ni mistari miwili. P ni nukta, mistari miwili, nukta. A ni nukta, mstari. N ni mstari, nukta. D ni mstari, nukta mbili. Kisha A tena. Nyamaza kidogo baina ya herufi na herufi, ama sivyo mwenzako hatafahamu neno.

Miaka mingi Morse hakusikilizwa, akawa maskini. Mwaka 1843 Baraza la Marekani likatoa dola 30,000. Kwanza nyaya zilizikwa ndani ya mabomba, zikaharibika. Ndipo zikatundikwa juu ya nguzo. Tarehe 24 Mei 1844 habari ikatoka Washington ikafika Baltimore, kilomita 60 hivi, mara moja.

Si kila alilolifanya la kusifiwa: aliandika kuutetea utumwa, hata wakati wa vita vilivyouondoa katika nchi yake. Alikufa New York tarehe 2 Aprili 1872. Miaka kama 30 baadaye waya wa simu wa Cecil Rhodes, uliotoka kusini mwa Afrika, ukapita pande zetu, mashariki ya Ziwa Tanganyika, mpaka Ujiji. Rhodes alitaka ufike Misri, haukufika.