SHEIKH ABDULLA SALEH FARSY: MWALIMU WA SHULE ALIYETUACHIA QURANI TAKATIFU



Ipo dhana iliyoenea miongoni mwetu kwamba maisha ya Mwislamu yana vyumba viwili. Kimoja ni cha ibada, na mlango wake hufunguliwa na adhana. Cha pili ni cha kutafuta riziki, na humo mtu hudhani kwamba hana hesabu kubwa kwa Mola wake maadamu haibi wala hapunji mizani. Hapa Madimba tunaisikia dhana hiyo kwa namna nyingi. Mkulima wa korosho, ambaye hupalilia, akapulizia salfa, kisha akaokota na kubeba magunia, hulalamika kwamba mikorosho imemla umri wake na ibada hana. Kijana aliyepata ajira katika kiwanda cha kuchakata gesi asilia, kilichozinduliwa mwaka 2015, hukesha zamu ya usiku akitazama mitambo na kujiuliza ana faida gani mbele ya Mwenyezi Mungu kwa kukesha huko, na hali wenzake wamo katika darsa. Mvuvi anayerudi ufukweni jua limekwishapanda husema maneno hayo hayo.

Swali lao ni la haki, na kuwajibu kwa mawaidha matupu hakutoshi. Ndiyo maana Ijumaa ya leo tumeona tuyaeleze maisha ya mtu ambaye jina lake limo katika nyumba zetu nyingi, juu ya jalada la Qurani Takatifu, ile tafsiri ya Kiswahili ambayo watu wengi wa pwani hii waliijua kabla ya tafsiri nyingine yoyote. Tunamkusudia Sheikh Abdulla Saleh Farsy, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wengi wanamjua kama mwanachuoni na kadhi. Wachache wanakumbuka kwamba sehemu kubwa ya umri wake wa kazi aliipitisha akiwa mwalimu wa shule, mwajiriwa wa serikali kama walimu wengine, mwenye zamu, rejista na wanafunzi watukutu.

Alizaliwa Unguja mwaka 1912, katika ukoo wenye asili ya Oman. Zama zile Unguja ilikuwa bahari ya elimu. Maulamaa wakubwa walikuwa wakisomesha misikitini na majumbani, na mwanafunzi mwenye hima aliweza kutoka kwa sheikh huyu baada ya alasiri akaingia kwa mwingine baada ya magharibi. Miongoni mwa walimu wake alikuwamo Sayyid Omar bin Ahmad bin Sumait, mtoto wa yule Sayyid Ahmad bin Sumait (1861–1925) aliyekuwa kadhi mashuhuri wa Unguja, mzaliwa wa Ngazija. Na hapa tusimame kidogo, kwani jambo hili lina uhusiano na watu wa bahari kama sisi: Sayyid Ahmad huyo, kabla ya kukaa katika kiti cha ukadhi, alikuwa mtu wa vyombo na biashara, akisafiri baharini kutafuta riziki. Hivyo silsila aliyoipokea kijana Abdulla haikuwa ya watu walioikimbia dunia.

Pamoja na elimu ya misikitini alisoma shule ya serikali, akaingia chuo cha ualimu, na mwaka 1933 akaanza kufundisha. Alikuwa na umri wa miaka 21. Tangu hapo hadi mwaka 1960 hakutoka katika kazi ya elimu. Alifundisha shule za msingi, akawa mkaguzi wa masomo ya dini katika shule za Unguja na Pemba, akaongoza shule iliyosomesha kwa lugha ya Kiarabu. Hiyo ni miaka 27, ndugu msomaji. Anayeyasoma maisha yake kwa haraka huiruka miaka hiyo ili aufikie ukadhi, kana kwamba ualimu ulikuwa ukumbi tu wa kungojea cheo. Sisi tunaona kwamba hapo ndipo penye siri ya mtu huyu.

Mwalimu wa watoto wadogo ana kazi ya kuchosha kwa sababu hairudishi matunda yake mapema. Anasema jambo leo, analisema kesho, na wiki ijayo mtoto analiuliza tena kama hajalisikia kamwe. Asiyekuwa na niya hugeuka mashine, au hukata tamaa akaanza kuisubiri kengele kuliko wanafunzi wenyewe. Lakini kazi hiyo humfunza mtu jambo ambalo kitabu hakimfunzi: kuyachukua maneno mazito na kuyavunja vipande vidogo mpaka mtoto ayameze. Aliyesoma fiqhi na tafsiri kwa Kiarabu cha vitabu, kisha akasimama kila asubuhi mbele ya watoto wanaosema Kiunguja cha nyumbani, hana budi kutafuta njia kati ya lugha hizo mbili. Sheikh Farsy aliitafuta njia hiyo kwa miaka 27, na alilipwa mshahara kwa kuitafuta.

Sasa tazama alichokitoa. Mwaka 1942, akiwa mwalimu, alitoa kitabu juu ya maisha ya Seyyid Said bin Sultan. Akaandika juu ya maisha ya Mtume (S.A.W.), juu ya sala, juu ya ndoa na talaka, vitabu vidogo vya bei nafuu ambavyo mama wa nyumbani na mchukuzi wa bandarini waliweza kuvisoma na kuvifahamu. Kisha akaingia katika kazi kubwa, tafsiri ya Qur'ani.

Haja ya tafsiri hiyo haikuwa ndogo. Kabla yake, tafsiri kamili ya mwanzo kwa Kiswahili ilitolewa mwaka 1923 na Godfrey Dale, padri wa misioni ya UMCA, misioni ile ile ambayo wazee wetu wa Masasi na Newala wanaijua vyema. Mwaka 1953 ikatoka ya Sheikh Mubarak Ahmad wa jumuiya ya Ahmadiyya. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alikuwa ameianza kazi hiyo kwa upande wa Sunni, lakini mauti yalimfika mwaka 1947 naye hajaimaliza. Ikawa Mwislamu wa pwani anayetaka kujua maana ya anayoyasoma katika sala yake hana budi aende kwa padri au kwa watu ambao maulamaa wake wanapingana nao katika itikadi. Sheikh Farsy aliliona jambo hilo kuwa ni deni juu ya shingo za wasomi wa Sunni, naye akajitwika.

Hakungoja apate wasaa. Sehemu za tafsiri yake zilianza kutoka Unguja katika miaka ya 1950, wakati bado ana kazi yake ya elimu, zikatoka kidogo kidogo, sehemu baada ya sehemu. Qur'ani ina sura 114 na aya 6,236. Anayetafsiri aya moja kila siku bila kukosa atamaliza baada ya miaka 17. Hatusemi kwamba yeye alihesabu hivyo. Tunasema kwamba kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu anayesubiri siku ambayo hatakuwa na shughuli. Siku hiyo haikumjia. Mwaka 1960 aliteuliwa kadhi wa Unguja. Mwaka 1964 yakatokea Mapinduzi, dunia aliyoizoea ikapinduka, naye akaendelea na ukadhi hadi 1967, alipohamia Kenya. Mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa nchi hiyo, akimfuata Sheikh Muhammad Kasim Mazrui. Na mwaka 1969 Qurani Takatifu ikatoka Nairobi ikiwa kamili katika juzuu moja, Kiarabu pamoja na Kiswahili chake, na maelezo chini ya kurasa.

Fungua ukurasa wowote wa maelezo hayo utamkuta mwalimu wa shule. Hazungumzi na maulamaa wenzake. Anamfafanulia mtu asiyejua, anamwonya kama anavyoonywa mwanafunzi aliye karibu kukosea, na mara nyingine anakemea waziwazi, hasa anapowajibu Ahmadiyya. Lugha yake ni ya barazani. Wako waliosema kwamba wepesi huo umeipunguzia tafsiri yake haiba. Sisi hatukubaliani nao. Lau angeitafsiri Qur'ani kwa Kiswahili cha mashairi ya kale, bibi zetu wa Mikindani na Msimbati wasingeifahamu, na yeye alikuwa amejifunza darasani, kwa jasho, maneno yapi hufika na yapi huishia hewani.

Hapa ndipo tunapopata jibu la yule mkulima na yule kijana wa zamu ya usiku. Sheikh Farsy hakuuacha ualimu ili amwabudu Mola wake, wala hakuufanya kuwa mzigo wa mchana unaosahauliwa usiku. Ustadi alioupata katika ajira ndio uliobeba ibada yake kubwa kuliko zote. Maulamaa wamekubaliana kwamba amali za kawaida hugeuka ibada kwa niya, lakini tusidhani kwamba niya ni kutamka Bismillahi kisha ukafanya kazi ovyo. Niya hujulikana kwa ubora wa kazi. Mtume Daud (A.S.) alikuwa na ufalme, na bado alifua deraya kwa mikono yake akala kwa jasho lake, Qur'ani inatueleza kwamba Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma na akamwamrisha azipime vyema pete za deraya hizo. Kipimo cha pete ya chuma kimeingia katika wahyi. Basi vipi asiwe na ujira anayekesha akiangalia mitambo isilete madhara kwa kijiji kilicholala?

Hata hivyo tusiyageuze maneno haya kuwa usingizi wa kuwalaza wanaodhulumiwa. Mtume (S.A.W.) ameamrisha mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Msimu wa 2018, serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe, wakulima wengi wa mkoa wetu walingojea malipo kwa miezi. Kumwambia mtu kama huyo avumilie kwa kuwa kazi yake ni ibada, na hali haki yake imekaliwa, ni kuitumia dini pasipo mahali pake. Sheikh Farsy mwenyewe, akiwa kadhi, alikaa miaka mingi akisikiliza mashauri ya ndoa, talaka na mirathi, yaani akipima nani ana haki na nani amemla mwenzake. Hiyo nayo ilikuwa kazi ya kila siku, yenye makaratasi mengi na sifa chache.

Si kila alichokisema kilipokewa. Katika miaka ya 1970 aliandika kwa ukali dhidi ya mambo aliyoyaona kuwa ni bidaa, na wako masheikh wa tarika, hata huku kusini, ambao hawakuridhika naye. Mjadala huo haujaisha, nasi hatuna nia ya kuuingia leo. Inatosha kwamba wanaompinga nao huifungua tafsiri yake.

Mwaka 1972 alitoa kitabu chake juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki. Humo aliwaandika walimu wake na walimu wa walimu wake, nasaba zao, safari zao na vifo vyao, watu ambao wengi wao wangesahauliwa lau yeye asingeliona kuwa ni wajibu wake kuwaandika. Alikuwa amefikia miaka 60 na bado ana mashauri ya kusikiliza.

Alipostaafu mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikwenda Oman, nchi ya asili ya ukoo wake, akafariki Muscat mwezi wa Novemba 1982. Mwenyezi Mungu amsamehe makosa yake na azipokee amali zake, zile za mihrabuni na zile za mbele ya ubao wa chaki. Amin.