Jokichi Takamine, Mjapani aliyetoa dawa ya tumbo kwenye kuvu

Mkemia Jokichi Takamine alifariki mjini New York, Marekani, tarehe 22 Julai 1922, akiwa na umri wa miaka 67. Wengi wanamkumbuka kwa adrenalini, ambayo maabara yake iliitenga mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini kazi iliyomtesa zaidi ilihusu kuvu, ule ukungu unaoota juu ya chakula.

Alizaliwa mwaka wa 1854 huko Takaoka, Japani, akakulia Kanazawa. Baba yake alikuwa daktari, na familia ya mama yake ilitengeneza sake, pombe ya mchele. Watengenezaji wa sake hutumia kuvu iitwayo koji. Kuvu hiyo hutoa vimeng'enya, yaani vitu vinavyovunja wanga wa nafaka na kuugeuza kuwa sukari. Kisha hamira huigeuza sukari hiyo kuwa pombe.

Kwa karne nyingi, mafundi wa Japani walitunza mbegu za koji iliyofanya kazi vizuri, wakichanganya na majivu ya miti ili vijidudu vingine visiiharibu. Ndugu wa karibu wa kuvu hiyo huota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya, na hutoa sumu ya aflatoksini. Koji haitoi sumu hiyo.

Takamine alisoma Tokyo, kisha Glasgow, Uskochi. Mwaka wa 1887 alimuoa Mmarekani Caroline Hitch, na mwaka wa 1890 familia ilihamia Marekani. Muungano wa makampuni ya wiski ulitaka ajaribu ujuzi wake mjini Peoria, jimbo la Illinois. Huko wiski ilitegemea kimea, yaani shayiri iliyooteshwa na kukaushwa, kazi ya siku nyingi. Takamine aliotesha koji juu ya pumba za ngano, mabaki ya kinu yasiyo na bei kubwa, na kwa muda wa siku mbili hivi vimeng'enya vilikuwa tayari.

Watengenezaji wa kimea waliona riziki yao inakatika, wakampinga vikali. Kisha moto ukateketeza kiwanda chake. Wapo waliowashuku wapinzani wake, lakini haikuthibitishwa. Ugonjwa wa ini nao ukamlaza, na mkewe akampeleka Chicago kwa treni ili afanyiwe upasuaji. Mpango wa wiski ukafa.

Takamine hakuiacha kuvu yake. Alitafuta njia ya kutoa vimeng'enya kwenye zile pumba na kuvifanya unga. Mwaka wa 1894 alipata hati ya haki ya uvumbuzi Marekani, inayohesabiwa kuwa ya kwanza nchini humo kwa kimeng'enya kilichotokana na kuvu. Kampuni ya Parke-Davis ya Detroit iliuza unga huo kwa jina la Taka-Diastase, dawa ya watu wanaoshindwa kusaga chakula tumboni. Dawa hiyo ilimpa utajiri.

Baada yake, watafiti waliendeleza kazi ya mafundi wa zamani kwa njia mpya: wanapiga kuvu kwa miale ya urujuanimno, wanapima moja baada ya nyingine, na kubakiza zile zinazotoa vimeng'enya vingi zaidi. Vimeng'enya vya kuvu sasa vinatumika katika viwanda vya mikate, maji ya matunda na nguo. Takamine amezikwa New York, katika makaburi ya Woodlawn.