Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa aliyegundua mikrobe

Antonie van Leeuwenhoek alizaliwa mwaka 1632 katika mji wa Delft, Uholanzi. Baba yake alikuwa fundi wa vikapu, na alikufa wakati Antonie alikuwa angali mtoto mdogo. Alipofikisha miaka 16, alitumwa Amsterdam kujifunza biashara ya vitambaa. Kisha akarudi kwao na kufungua duka. Hakusoma universite wala hakujua Kilatini, luga ya wasomi wa ile wakati.

Wauza vitambaa walikuwa wanatumia kioo cha kukuza juu ya kuhesabu nyuzi. Yeye alienda mbali zaidi. Alisugua vioo vidogo sana, akavibana kati ya vibao vya shaba ao vya fedha. Kimoja kilichobaki mpaka leo kinakuza kitu karibu mara 270.

Mnamo 1674 alichunguza maji ya ziwa moja karibu na Delft, akaona viumbe vidogo vinatembea ndani. Mwaka 1676 aliandikia Royal Society, shirika la wanasayansi la London, juu ya viumbe hivyo. Wasomi wakawa na mashaka: mwenye duka, bila diplome, anasema eti tone moja la maji limejaa wanyama! Hakugombana nao. Aliita watu wa kuheshimiwa, wakiwemo wachungaji, waangalie wenyewe na kushuhudia kwa maandishi. Mwaka 1677 Robert Hooke naye akaviona kule London. Mwaka 1680 Leeuwenhoek akapokelewa kuwa memba.

Ila namna yake bora ya kuangalia hakuifundisha mtu. Alipokufa mwaka 1723, akiwa na miaka 90, ile siri ilikufa naye.

Leo viumbe vidogo vya namna ile vinatumiwa pia kama kalibu. Mfano ni diatomu, mwani wa majini usioonekana kwa macho, wenye ganda gumu kama kioo na vitundu vilivyopangwa vizuri. Katika maabara, wanasayansi wanapaka ganda hilo dhahabu ao fedha, kisha wanaliyeyusha kwa asidi. Inabaki nakala ya metali, na vitundu vyake vyote. Wakiimulika kwa mwanga wa leza, inasaidia kutambua kemikali hata kama ni kidogo sana. Kwa mikono, hakuna fundi anayeweza kutoboa vitundu vidogo hivyo.